Menyu ni Folda Tu

Umeme wa geto letu uliisha saa nne usiku, wiki ya mitihani, na ugomvi ukaanza hata kabla mtu hajatafuta tochi. Tuko vijana wanne, tumepanga nyumba moja nje ya chuo, na LUKU tunachangia shilingi 5,000 kila mmoja kwa wiki. Usiku ule kila mtu alisema katoa. Mita nayo ilikuwa inasema lake.

Mtunza hesabu nilikuwa mimi. Nikamwambia mwenzetu anayesoma sheria kwamba kwenye kumbukumbu zangu anadaiwa 4,500. Akacheka kicheko kile cha kukasirika. "Mwanangu, mimi nimekupa hela mkononi. Lete hilo daftari tulione wote."

Daftari lenyewe lilikuwa ndani ya simu iliyokaa mezani siku zote. Ni OnePlus 6, simu ya mwaka 2018, niliyoinunua kwa mwenzangu aliyekuwa anamaliza chuo. Kioo kina ufa, lakini ndani nimeiwekea postmarketOS, mfumo wa Linux ulioanzishwa mwaka 2017 kwa lengo la kuzipa simu za zamani maisha ya miaka kumi. Tunaitumia kama kifaa cha nyumba: kusomea PDF, kupigia hesabu, kuamshia watu wenye vipindi vya asubuhi.

Nikampa simu. Akafungua menyu, akapitisha kidole: kalenda, kikokotoo, saa, kamera, mipangilio. Akarudi juu, akashuka tena. "Humu hamna daftari, kaka."

Na kwa upande wake alikuwa sahihi. Programu yangu ilikuwa skripti ndogo ambayo naifungua kwa kuandika amri kwenye terminali. Kwa mtu asiyejua amri hiyo, haikuwepo. Kuanzia usiku ule nikaitwa Mhazini wa Gizani, na jina likanishika hadi darasani.

Makala hii inaeleza nilivyoiweka ile programu kwenye menyu, mahali ambapo kila mkono unafika. Kama una kifaa chochote cha mkononi kinachotumia Linux, au unafikiria kufufua simu iliyolala kabatini, kazi yenyewe haizidi nusu saa. Mimi ilinichukua siku mbili kwa sababu nilikosea kila palipoweza kukosewa, kwa hiyo makosa yangu nayo nimeyaweka humu.

Menyu inatoka wapi

Nilikuwa nadhani menyu ni kitu kilichojengwa ndani kabisa ya mfumo, kwamba ili programu iingie pale lazima "isakinishwe" kwa njia rasmi. Kumbe hapana. Fungua terminali, kisha andika:

ls /usr/share/applications

Utaona orodha ya faili zinazoishia na .desktop. Kila ikoni unayoiona kwenye menyu ina faili lake mahali kama hapa. Chukua faili lolote ulisome kwa amri ya cat. Ni maandishi ya kawaida tu, mistari michache: jina la programu, picha yake, na amri inayotakiwa kuendeshwa mtu akigusa. Menyu inapita kwenye folda, inasoma mafaili, inachora picha. Basi.

Mpangilio huu wa maandishi una kanuni zake, zinazotunzwa na mradi wa freedesktop.org, ulioanzishwa mwaka 2000 na Havoc Pennington ili mazingira mbalimbali ya Linux yaelewane. Ndiyo maana faili lile lile linaweza kusomwa na GNOME kwenye kompyuta, na KDE, na hata Phosh, ambayo ndiyo sura ya skrini niliyoiweka kwenye simu yetu. Ukijifunza mara moja, umejifunza kwa vifaa vingi.

Kuna folda mbili za kukumbuka. Ile ya /usr/share/applications ni ya mfumo mzima, na kuigusa kunahitaji mamlaka ya msimamizi. Ya pili ni yako binafsi:

~/.local/share/applications

Tumia hii ya pili. Haihitaji nywila ya msimamizi, na ukiharibu kitu umeharibu cha kwako tu. Kama haipo, itengeneze kwa amri hii:

mkdir -p ~/.local/share/applications

Ushauri mmoja kabla hatujaendelea: kuandika amri kwa kidole kwenye kibodi ya skrini ni mateso. Kama una kompyuta, chomeka simu kwa waya wa USB. Kwenye postmarketOS, simu hupokea anwani 172.16.42.1, kwa hiyo ikiwa SSH imewashwa na jina lako la mtumiaji ni user, unaingia kwa:

ssh user@172.16.42.1

Hapo unaandika kwa kibodi ya kompyuta, na mambo yanatokea kwenye simu.

Skripti kwanza

Kabla ya ikoni lazima kuwe na kitu cha kufungua. Skripti yangu ya mwanzo ilikuwa inauliza maswali ndani ya terminali. Kwa wenzangu hiyo isingefaa: skrini nyeusi yenye maandishi meupe inawatisha watu, wanahisi watafuta kitu. Nikatumia zenity, programu ndogo inayotoa visanduku vya kujaza, mtu anaandika na kugusa kitufe. Kwenye postmarketOS unaipata hivi:

sudo apk add zenity

Kisha nikaandika faili hili, nikaliita mchango.sh na kuliweka kwenye /home/user:

#!/bin/sh
jina=$(zenity --entry --title="Mchango" --text="Nani katoa?") || exit 0
kiasi=$(zenity --entry --title="Mchango" --text="Shilingi ngapi?") || exit 0
echo "$(date +%F),$jina,$kiasi" >> /home/user/mchango.csv

Mstari wa pili na wa tatu unauliza. Vipande vya mwisho, || exit 0, vina maana kwamba mtu akighairi, programu inafunga bila kuandika chochote. Mstari wa nne unaongeza tarehe, jina na kiasi mwishoni mwa daftari. Zile alama mbili >> usizifanye moja. Alama moja inafuta daftari lote na kuanza upya, na hapo ugomvi wa geto utakuwa wa kihistoria.

Mwisho, lipe faili ruhusa ya kuendeshwa:

chmod +x /home/user/mchango.sh

Amri hii usiiruke. Nitakueleza kwa nini.

Faili la ikoni

Sasa fungua kihariri, mimi natumia nano, na uandike faili liitwalo mchango.desktop ndani ya ile folda yako binafsi:

[Desktop Entry]
Type=Application
Name=Mchango wa LUKU
Comment=Andika nani katoa na kiasi gani
Exec=/home/user/mchango.sh
Icon=/home/user/.local/share/icons/luku.png
Terminal=false
Categories=Utility;
X-Purism-FormFactor=Workstation;Mobile;

Tuyapitie. Mstari wa kwanza uko kwenye mabano ya mraba na lazima uwe vilevile ulivyo. Ndio unaoitambulisha sehemu inayosomwa. Type inasema hii ni programu. Name ni maneno yatakayoonekana chini ya picha. Comment ni maelezo mafupi. Exec ndio moyo wa faili: amri itakayoendeshwa mtu akigusa ikoni. Icon ni picha. Terminal=false inaambia mfumo usifungue skrini nyeusi, maana programu yetu ina visanduku vyake. Categories ni kundi, na ile nukta-mkato ya mwisho ni vyema kuiweka. Mstari wa mwisho una hadithi yake, tutaufikia.

Angalia herufi kubwa na ndogo. Exec na exec ni vitu viwili tofauti kwa msomaji wa faili hili.

Makosa yangu matatu

La kwanza. Nilivyoandika mara ya kwanza, kwenye Exec niliweka ~/mchango.sh. Nimezoea: kwenye terminali alama ile ya wimbi ina maana ya nyumbani kwako. Nikahifadhi, nikafungua menyu. Hamna kitu. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna onyo, ni kimya tu. Sababu ni kwamba faili la .desktop halisomwi na terminali, kwa hiyo wimbi halifasiriwi, na hata $HOME haifasiriwi. Linachukuliwa kama lilivyo, na hakuna folda inayoitwa wimbi. Andika njia kamili kuanzia mzizi: /home/user/mchango.sh.

La pili. Nikarekebisha njia, bado kimya. Hapa ndo nilipoteza jioni nzima. Kumbe nilikuwa sijatoa ile ruhusa ya kuendeshwa. Maktaba ya GLib, ambayo Phosh na GNOME huitumia kusoma mafaili haya, inaangalia kwanza kama kile kilichotajwa kwenye Exec kipo na kinaweza kuendeshwa. Kisipoweza, faili lote linaachwa, kama vile hukuliandika. Ukiona ikoni haitokei kabisa, shuku Exec kabla ya kitu kingine chochote.

La tatu. Ikoni bado haikutokea, na sasa kila kitu kilikuwa sahihi. Hapo ndipo unapokuja ule mstari wa X-Purism. Phosh ilitengenezwa kwanza kwa ajili ya simu ya Librem 5 ya kampuni ya Purism ya Marekani. Programu nyingi za Linux ziliandikwa kwa skrini kubwa, ukizifungua kwenye simu nusu ya dirisha inabaki nje. Kwa hiyo Phosh ina chujio: inaweza kuonyesha zile tu zilizojitangaza kwamba zinafaa kwenye simu. Kujitangaza kwenyewe ndio huo mstari. Usipouandika, programu yako inaweza kufichwa mpaka mtu aguse kitufe cha kuonyesha programu zote kilichopo kwenye menyu. Nikauongeza mstari, nikafungua menyu tena. Ikoni ikawepo.

Kuna njia ya kujiepusha na nusu ya mateso haya. Sakinisha desktop-file-utils, kisha mpe mkaguzi faili lako:

desktop-file-validate ~/.local/share/applications/mchango.desktop

Akinyamaza, maandishi yako yako sawa kikanuni. Akilalamika, atakutajia tatizo. Lakini elewa mipaka yake: anakagua uandishi. Kama kanuni zimefuatwa na Exec inaelekea kwenye faili lisilo na ruhusa, hatakuambia.

Na kama ikoni ipo ila ukiigusa haifanyi kitu, rudi kwenye terminali uendeshe skripti yenyewe kwa njia yake kamili. Kosa ambalo menyu inalificha, terminali inalisema waziwazi.

Picha na jina

Kwenye Icon unaweza kuweka njia kamili ya picha ya PNG au SVG, kama nilivyofanya. Mimi nilichora balbu ya njano. Mwenzetu anayesoma ualimu alisema inafanana na embe. Imebaki hivyohivyo.

Jina lina jambo moja ambalo linanifurahisha. Kanuni zinakuruhusu kuandika jina kwa lugha zaidi ya moja katika faili lile lile:

Name=Electricity Fund
Name[sw]=Mchango wa LUKU

Kifaa kikiwekwa lugha ya Kiswahili, menyu inachukua mstari wenye sw. Kikiwa lugha nyingine isiyotajwa, inachukua ule usio na mabano. Huhitaji kuomba ruhusa ya yeyote wala kusubiri mtafsiri. Unaweza hata kunakili faili la programu iliyopo tayari kutoka folda ya mfumo kwenda folda yako, ukaacha jina la faili vilevile, ukaongeza jina la Kiswahili. Faili lako binafsi linashinda lile la mfumo. Nimefanya hivyo kwa programu nne za simu yetu jioni moja nikiwa nakimbia kusoma takwimu.

Mwenye kifaa kingine je?

Jamaa zangu wenye Steam Deck, mashine ya michezo ya Valve iliyotoka mwaka 2022, nao wana Linux mkononi. Ingia upande wa mezani, ambao ni KDE, na folda ni ile ile ya ~/.local/share/applications. Kule ni muhimu zaidi kutumia folda yako binafsi, kwa sababu sehemu ya mfumo imefungwa isiandikwe, na masasisho huibadilisha. Ukitaka ikoni ionekane pia upande wa michezo, itabidi uiongeze programu hiyo ndani ya Steam kama mchezo usio wa Steam.

Na kama kuna mtu ana Nokia N900 ya mwaka 2009 iliyobaki kwa mjomba, ile nayo ilitumia mafaili ya .desktop, ya kwake yalikaa kwenye /usr/share/applications/hildon. Vifaa vimepishana karibu miaka kumi, na bado ukivifungua unakuta mistari ya Name, Exec na Icon.

Kuondoa ikoni ni rahisi kuliko kuiweka: futa faili la .desktop. Skripti inabaki, ila mlango wake umeondoka. Na kama unataka kuificha programu ya mfumo bila kuifuta, nakili faili lake kwenye folda yako na uongeze mstari NoDisplay=true.

Tahadhari moja, na hii naisema kwa uzito. Jina na amri ni mistari miwili isiyojuana. Mtu anaweza kukutumia faili lenye Name=Kikokotoo na picha nzuri ya kikokotoo, halafu Exec ikafuta folda yako ya kazi ya mwaka wa tatu. Ukipokea faili la .desktop kutoka kwa mtu, lifungue kwa kihariri, soma Exec, ndo uliweke.

Ile 4,500

Siku ikoni ilipotokea niliiweka simu mezani nikasema, haya, kila mtu aandike mwenyewe. Yule wa ualimu akagusa embe lake, akajaza jina, akajaza 5,000. Halikumchukua hata dakika. Yule wa sheria hakugusa. Akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria: "Kuandika tumeona. Kusoma je?"

Alikuwa na haki. Nilikuwa nimewapa mlango wa kutilia hela, nikabaki na ule wa kuzihesabu. Nikakaa nikaandika faili la pili, hesabu.desktop, lenye mistari ileile ila mitatu imebadilika:

Name=Soma Daftari
Comment=Angalia michango yote
Exec=zenity --text-info --title=Daftari --filename=/home/user/mchango.csv

Hili halikuhitaji hata skripti, maana zenity yenyewe inajua kuonyesha faili. Nikalihifadhi, ikoni ikatokea, nikampa simu.

Akasoma taratibu, mstari kwa mstari, kama anasoma hukumu. Halafu akageuza skrini kwangu na kuweka kidole kwenye mstari mmoja wa wiki mbili nyuma. Tarehe, jina lake, na mbele yake: 500.

Hakuna mtu anayetoa mia tano ya LUKU. Alikuwa kanipa elfu tano, nami usiku ule, nikiandika kwa kidole na usingizi, nikala sifuri moja. Kutoa 500 kwenye 5,000 unabaki na zile 4,500 nilizokuwa namdai mbele ya watu. Kosa lilikaa pale siku zote, kwenye simu iliyo mezani, mbele ya macho manne yaliyokuwa na uwezo wa kuliona. Ila mlango ulikuwa mmoja na ufunguo nilikuwa nao mimi.

Nilimwomba radhi. Akasema yameisha, ila nikaona bora na wali wa jioni nilipe mimi.

Ukiandika programu ya kundi, iwe ya mchango wa geto, mahudhurio ya kikundi cha kusoma, au zamu za kuchota maji, usiishie ilipoanza kufanya kazi mikononi mwako. Mpe kifaa mtu asiyejua amri hata moja, kaa pembeni, usiseme kitu. Asipoiona kwenye menyu, bado hujamaliza. Na hakikisha anaona pa kuandikia na pa kusomea.

Mhazini wa Gizani bado wananiita. Lakini daftari sasa liko mwangani, na wiki iliyopita aliyegundua kwamba mimi ndiye sijatoa, alikuwa yuleyule wa sheria.